Weusi wa jino la papa hausemi umri wake

Wengi huamini kwamba jino la papa lililogeuka jiwe, likiwa jeusi tii, ni la enzi za dinosauri wa kwanza. Sivyo. Rangi hutokana na madini ya mashapo yaliyolifukia. Jino la miaka milioni 5 laweza kuwa jeusi kuliko la miaka milioni 220.

Tazama umbo. Papa wengi wa kipindi cha Triasiki, enzi hizo za dinosauri wa kwanza, walikuwa haibodonti, kundi la papa wa kale wenye meno madogo, mengi ya milimita chache tu: ncha ya kati, vincha pembeni, na mikunjo myembamba inayoshuka toka kileleni. Acrodus, mmoja wa haibodonti hao, alikuwa na meno butu ya kusagia. Mzizi mara nyingi umeshapotea. Na lile jino kubwa kama kiganja? La megalodoni, papa mkubwa mno aliyeishi muda mrefu baada ya dinosauri hao kutoweka.