Kwa nini hasira ya umma mara nyingine huzaa sheria nzuri?

Jumamosi ya Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kilishika moto. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Wasichana wakajirusha madirishani, umati ukitazama. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, wadogo kabisa wakiwa na miaka 14.

Viwanda vilikuwa vimeua watu kabla ya hapo na mambo yakapita. Kwa nini safari hii hayakupita?

Watu walikasirika, ndiyo. Hasira ina kazi yake, nayo si ndogo: humtoa mtu kwenye kudhani kwamba shida ni yake na bosi wake tu. Mshonaji anayefungiwa mlango akisikia maelfu wakilalamikia mlango kama huohuo, anajua huo ni utaratibu, na utaratibu hubadilishwa. Waliokaa pembeni nao hulazimika kuchagua upande, na mwanasiasa aliyezoea kukwepa anaanza kupiga hesabu upya.

Ila hasira hupoa upesi. Ya New York iliwakuta watu wamekwisha jipanga. Mwishoni mwa 1909 washonaji wapatao 20,000 walikuwa wamegoma, wakapigwa na kutiwa ndani, na wamiliki wa Triangle wakakataa katakata kukitambua chama cha wafanyakazi hao. Kwa hiyo moto ulipotokea, madai yalikuwepo na wenye kuyasemea walijulikana. Kufikia Juni, jimbo likaunda tume ya kuchunguza viwanda. Kazi yake ilizaa sheria zaidi ya 30, zikiwemo za milango ya kutokea na mazoezi ya kujiokoa na moto. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule kwa macho yake, alifanya kazi na tume hiyo. Mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi wa Marekani.

Wamiliki, kwa upande wao, waliachiwa huru na mahakama Desemba 1911. Inauma hadi leo. Lakini umma ungetaka kichwa chao tu, ungeishia mikono mitupu.

Mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, unaonyesha jambo hilohilo. Machi 1955 Claudette Colvin, msichana mweusi wa miaka 15, alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Watu waliudhika, lakini mgomo wa kutopanda mabasi haukuitishwa. Desemba alipokamatwa Rosa Parks, mwanamke mweusi, kwa kosa kama hilohilo, baraza la wanawake weusi lilikuwa tayari na mpango: vipeperushi maelfu kwa maelfu vilichapwa usiku kucha, vikiomba mgomo wa siku moja. Siku hiyo mabasi yalikosa abiria weusi, na mgomo ukaendelea kwa siku 381, watu wakienda kwa miguu au kupeana lifti. Mahakama ilipoufuta ubaguzi ndani ya mabasi, Colvin alikuwa mmoja wa wanawake wanne waliofungua kesi hiyo.