Asali na mtoto mwenye utapiamlo: maswali ya akina mama

Mwanangu ana mwaka na nusu, amekonda. Nikimpa asali kila siku atanenepa?

Mama, asali peke yake haitamjenga. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 64, karibu zote za sukari. Protini ni chembe tu, mafuta hakuna. Huku Tabora asali ni fahari yetu, na anayemlambisha mwanawe anafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa utamu, yai na dagaa vinakosa nafasi. Koroga karanga zilizosagwa na maziwa kwenye uji wake. Asali kijiko kidogo juu yake, kwa kuwa ameshavuka mwaka, haina neno.

Na mdogo wake wa miezi 7?

Usimpe kabisa, hata ya kupaka ulimini. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria waitwao Clostridium botulinum. Utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka haujakomaa, kwa hiyo mbegu hizo huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Choo kinakuwa kigumu, sauti ya kilio inafifia, ananyonya kwa kulegea, kope zinashuka, shingo haikazi. Ukiona hivyo, kimbilia hospitali. Kuichemsha asali hakusaidii, mbegu hizo hazifi kwa maji ya moto.

Nitajuaje kwamba hali ni mbaya?

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, uhesabu taratibu hadi tatu, kisha uachie. Vishimo vikibaki pande zote mbili, mpeleke leo, hata kama mashavu yamejaa: huo ni uvimbe wa maji, si unene. Kliniki watampima mzunguko wa mkono, juu ya kiwiko, kwa utepe. Kuanzia miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.

Huko watampa nini?

Mwenye hamu ya kula hupewa chakula dawa: pakiti ya gramu 92 yenye karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, kalori 500. Aliyezidiwa hulazwa, akaanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo, usiku na mchana. Nawaomba sana, pakiti hizo msiwagawie kaka na dada zake. Zimehesabiwa kwa uzito wa mgonjwa.