"Presha Imeshuka, Nimeacha Dawa"

Kauli hii naisikia kliniki mpaka nachoka. Namfunga mgonjwa mkanda wa kipimo mkononi, mashine inasoma 178/104. Dawa je? "Mara ya mwisho ilikuwa 126/80, daktari, nikaona nimepona."

Hujapona. Ile 126/80 ilikuwa kazi ya dawa. Amlodipini, moja ya dawa za presha, haitoki mwilini siku ileile. Ukiacha Jumatatu, Jumatano kipimo bado kinaweza kuwa kizuri, nawe ukajiona ulikuwa sahihi. Kisha presha inapanda taratibu na wewe husikii lolote, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo inaumia. Wapo wanaoletwa na kiharusi, mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, na ndugu wanatuambia dawa aliacha mwenyewe kwa sababu alikuwa mzima.

Kama dawa inakuvimbisha vifundo vya miguu, au enalaprili, dawa nyingine ya presha, inakuletea kikohozi kikavu, njoo useme. Tutabadilisha, dawa zipo za aina nyingi. Wapo pia waliopungua uzito tukawapunguzia dozi. Ila hilo tunaamua pamoja, tukiwa na daftari la vipimo vyako mbele yetu. Na daftari hilo nalisisitiza kwa kila mgonjwa: andika tarehe, saa na namba zote mbili.

"Mbona kichwa hakiniumi?" Wengi wenye presha hakiwaumi kabisa. Anayesubiri kisogo kigonge ndipo ameze kidonge anajiua.

Eti chumvi mbichi ndiyo mbaya, iliyopikwa haina neno! Moto hauondoi sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye ng'onda, mkate na vile vidonge vya kuungia mchuzi.

Kitunguu saumu kula, lakini hakishiki nafasi ya dawa. Na wanaoogopa kwamba vidonge vitaharibu figo wajue kuwa presha iliyoachwa juu ndiyo inayoziharibu. Dawa tunazifuatilia kwa kipimo cha damu.

Siku ya kliniki meza dawa yako kama kawaida. Ukija hujameza "ili tuone presha halisi", tunaweza kukuongezea dozi usiyoihitaji. Pita chooni kwanza, kaa dakika 5, egemea kiti, miguu yote sakafuni, na usizungumze mashine inapopima.