Huyo dalali anamfanyia kazi nani? Soma hii kabla hujanunua nyumba yako ya kwanza Mwanza

Watu wengi wanaofika dawati letu la mikopo ya nyumba wanakuja wakiwa wameshapenda. Nyumba iko Buswelu au Buhongwa, vyumba vitatu, fensi, kishika uchumba (advansi ya kuishikilia nyumba) kimeshatoka, na mkononi wana namba ya dalali wanayemwita "dalali wangu". Ukimuuliza huyo dalali wako analipwa na nani na analipwa vipi, hapo ndo story inaanza kuyumba.

Tuongee ukweli, dalali wa mtaani mara nyingi sio wako. Ni wa muuzaji, au ni wa mfuko wake mwenyewe. Mwenye nyumba anamwambia mimi nataka milioni 38 mkononi, yeye anakuja kwako anasema 45, hizo 7 katikati ndo cha juu, alafu bado anakudai asilimia zake na hela ya kuonyeshwa uliishatoa asubuhi kabla hata hujapanda bajaji. Simsemi dalali kama mwizi, anatembea juani siku nzima na bila yeye usingejua kama ile nyumba inauzwa, ila usimpe kazi ya kukulinda wakati kula yake inategemea wewe ulipe zaidi.

Na hapa benki cha juu kinaonekana haraka sana. Mthamini aliyesajiliwa anaenda, anapima, anapiga picha, anarudi na ripoti inasema nyumba thamani yake milioni 36, wakati wewe ulishasaini mkataba wa 45. Mkopo unahesabiwa kwenye namba ya mthamini, sio ya dalali. Kinachopelea unakitafuta mwenyewe, na muuzaji anakukumbusha kwamba kishika uchumba hakirudi.

Wenzetu Marekani wana wakala wa mnunuzi, mtu tofauti kabisa na yule wa muuzaji, na tangu Agosti 2024, baada ya kesi kubwa iliyokihusu chama chao cha mawakala, mawakala wengi wa upande wa mnunuzi wanatakiwa kusainishana na mteja makubaliano ya maandishi kabla hata ya kwenda kuangalia nyumba pamoja, na malipo yanatajwa humo humo. Kwetu mtu wa hivo hajazoeleka, lakini hakuna anayekuzuia kumtafuta. Anaweza kuwa dalali mzoefu, anaweza kuwa wakili, anaweza kuwa ofisa ardhi mstaafu wa mtaani kwenu, cha msingi wewe ndo unamlipa na hachukui kitu upande wa pili.

Ushauri wangu, mlipe kiasi maalumu, sio asilimia. Mtu wa asilimia 5 anapata zaidi nyumba ikiwa ghali, sasa atapunguza bei kwa moyo gani? Mkubaliane laki kadhaa au milioni, iandikwe kwenye karatasi moja tu: anakutafutia wewe, hapokei chochote kwa muuzaji, hela ya kuonyeshwa imo ndani, na akigundulika amepandisha bei juu ya ile ya mwenye mali anarudisha malipo yote. Akikataa kusaini hiyo sentensi ya mwisho basi ameshakujibu.

Kabla ya karatasi mpime kwa jambo moja: akukutanishe na mwenye nyumba. Wengi wanaanguka hapa. "Bosi mzee yuko Geita huko, mimi ndo mwakilishi wake, wewe tuma advansi kwanza maana kuna mteja mwingine jioni anakuja na keshi." Huyo mteja wa jioni sijawahi kumuona. Kama kweli ni mwakilishi basi ana hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, aionyeshe. Kama mwenye mali alishafariki, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa wa familia tu. Na kama ni nyumba ya ndoa, muulize mapema mke au mume yuko wapi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzie, na watu wanalia mahakamani kila leo kwa hili.

Mtu wako mzuri utamjua pia kwa maswali anayokuuliza. Wa kawaida atakuuliza bajeti. Mzuri atakuuliza unalipa keshi au mkopo, maana kama ni mkopo nyumba yenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa peke yake itakupotezea muda, benki inataka hati. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia kwamba mliuziana, hauhamishi umiliki. Atakupeleka ofisi ya ardhi mfanye upekuzi rasmi kwa namba ya kiwanja na kitalu, muone jina nani, kuna rehani au zuio, muda wa umiliki umebaki miaka mingapi (hati zinatolewa za miaka 33, 66 au 99), na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Upekuzi ufanyeni wenyewe, msikubali kopi aliyokuja nayo muuzaji kwenye simu.

Alafu awe anaijua Mwanza, sio kuijua ramani. Nyumba ya mlimani kwenye mawe ina view nzuri sana ya ziwa lakini ulizia maji yanapanda saa ngapi na gari la mchanga linaishia wapi. Bondeni kando ya Mto Mirongo, kama Mabatini, nenda ukaangalie siku mvua imenyesha. Na ukiambiwa "plot ya beach" Luchelele au Ilemela toa kabisa futi ya kupimia, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe halikai sehemu moja, 2020 lilipanda likaingia kwenye majumba ya watu na 2024 likarudia. Kuna na hawa wa Usagara na Kigongo, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kila shamba limekuwa "karibu na daraja". Muulize karibu ni kilomita ngapi, na je ni kiwanja kilichopimwa au bado ni shamba la kijiji, maana ardhi ya kijiji ina sheria yake na halmashauri ya kijiji ina la kusema.

Gharama za serikali mgawane mapema, zisiwe za kushtukizana. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ile ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, na bila uthibitisho wa TRA hati haihamishwi. Ushuru wa stempu asilimia 1 kwa kawaida unakuangukia wewe, na kuna ada za usajili. Dalali akisema "tuandike bei ndogo kwenye mkataba tukwepe", jua ikitokea kesi hiyo bei ndogo ndo utakayorudishiwa.

Malipo ya mtu wako yagawe. Kidogo mkianza, sehemu nyingine upekuzi ukitoka safi na wakili akishapitia mkataba, na kipande kikubwa usikitoe siku ya kukabidhiwa funguo hata kama kuna soda na picha, kitoe siku hati imetoka ofisi ya ardhi ina jina lako.