Malaika Hasemi Lake

Kwa Kiarabu, "malaika" ni wingi. Mmoja ni malak. Wakiwa wengi ndio malaika. Sisi tuliliokota neno likiwa katika wingi, tukalifanya la mmoja, na likapata maana nyingine huku kwetu: kitoto kilichofariki huitwa malaika, na hata zile nywele laini za mkononi zinazosisimka kwa baridi ni malaika. Kilichofifia ni kazi. Malak ya Kiarabu, malakh ya Kiebrania na angelos ya Kigiriki zote zina maana ya aliyetumwa na habari, yaani mjumbe, tarishi. Fungua Mwanzo sura ya 32. Aya ya 1, malaika wa Mungu wanakutana na Yakobo. Aya ya 3, Yakobo anatuma wajumbe kwa kaka yake Esau. Katika Kiebrania ni neno lile lile mara zote mbili, na kinachowatofautisha ni aliyewatuma.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu mamlaka ya malaika, humrudisha kwanza kwenye utarishi. Malaika hana neno lake. Ukilishika hilo, maandiko mengi yanayoonekana kugongana yanaanza kusomeka.

Chukua ile "mimi" inayowatatiza wengi. Mwanzo 16, malaika wa Bwana anamwambia Hajiri, nitauzidisha uzao wako. Mwanzo 22, malaika anaita kutoka mbinguni na kuapa kwa nafsi ya Mungu mwenyewe. Je, huyo ni malaika au ni Mungu? Wakristo wa karne za kwanza, Justino Mfiadini akiwemo, walimwona hapo Kristo kabla hajazaliwa. Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, hawakwenda huko. Lakini kabla ya kuchagua upande, tazama jinsi matarishi wa dunia ile walivyosema. Katika 2 Wafalme 18, amiri wa Ashuru anasimama chini ya ukuta wa Yerusalemu, anatanguliza kwamba haya ni maneno ya mfalme mkuu, kisha anasema atawapa farasi 2,000. Farasi hao ni wa mfalme. Tarishi aliazima ulimi wa bwana wake, na wasikilizaji walijua.

Kurani ina mahali pamoja ambapo jambo hili limeshikamana na herufi moja. Sura Maryam, aya ya 19, Roho aliyemjia Maryamu kwa sura ya mwanamume kamili anasema yeye ni mjumbe wa Mola wake. Katika kisomo cha Hafs, mojawapo ya namna zilizopokewa za kuisoma Kurani, nacho ndicho tunachosoma Afrika Mashariki, anaendelea: li-ahaba laki, ili nikupe mwana aliyetakasika. Katika kisomo cha Warsh, kinachosomwa Afrika ya kaskazini na magharibi, na cha Abu Amr, kinachosomwa Sudan, ni li-yahaba, ili Akupe. Visomo vyote viwili vinakubalika, na wafasiri hawakuona mgongano: Jibrili, ndiye Roho huyo, anatoa kama unavyotoa mkono wa mpelekaji, na mwenye kutoa hasa ni Mola. Aya ya 64 ya sura hiyo hiyo inafunga mlango kabisa: hatuteremki ila kwa amri ya Mola wako.

Sasa njoo kwenye chakula, kwa sababu hapo tofauti za mapokeo zinaonekana kwa macho. Ibrahimu anapata wageni asiowajua. Mwanzo 18 inapima ukarimu wake: vipimo vitatu vya unga mzuri, karibu lita 20, ndama laini, siagi na maziwa, kwa watu watatu tu. Aya ya 8 inamalizia kwa neno fupi: nao wakala. Katika Kurani, sura Hud aya ya 69 na 70, ndama amechomwa na kuletwa, lakini mikono ya wageni haimfikii, na Ibrahimu anaingiwa na hofu. Hofu hiyo mtu wa pwani au wa bara ataielewa bila tafsiri. Mgeni asiyegusa chakula chako amekuja na jambo. Wao wanamtuliza kwa kumweleza kwamba wametumwa kwa kaumu ya Lutu.

Usikimbilie kusema Biblia inasema wanakula na Kurani inasema hawali, basi. Waamuzi 13, malaika anamwambia Manoa wazi kwamba hatakula chakula chake, kisha anapaa katika mwali wa moto wa madhabahu. Katika Tobiti, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na Waorthodoksi, Rafaeli anaeleza kwamba hakula chochote, walikuwa wakiona njozi. Marabi wa Talmud, mkusanyo wa mijadala yao ya sheria na visa, nao waliisoma Mwanzo 18 kwa kusema wageni wale walionekana tu kama wanakula. Swali ni lile lile katika nyumba zote tatu: mjumbe wa mbinguni anahitaji nini kutoka kwetu? Na jibu linasogea upande mmoja. Hahitaji kitu. Anayedai kutumwa huku akidai kulishwa, mtazame mara mbili.

Kuhusu majina nitapita haraka. Biblia ya Kiebrania inawataja wawili tu, Gabrieli na Mikaeli, wote katika Danieli. Rafaeli yumo katika Tobiti. Kurani inamtaja Jibrili mara tatu na Mikaili mara moja, na inawataja Haruta na Maruta na Malik wa motoni. Izraili hamo: Kurani inasema "malaika wa mauti" bila jina. Israfili pia hamo. Majina yana hatari yake, kwa sababu anayejua jina hujiona ameshika kamba ya kumvutia mwenye jina. Mwaka 745 sinodi ya Roma, yaani mkutano wa maaskofu, chini ya Papa Zakaria ililaani sala iliyowaita malaika kwa orodha ya majina yasiyojulikana, ikasema yanayokubalika ni Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli.

Kisa ambacho ningependa kila muumini akisome polepole ni 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu anatumwa kutoka Yuda kwenda Betheli kuikemea madhabahu ya mfalme Yeroboamu. Ameagizwa mambo matatu: usile, usinywe, usirudi kwa njia uliyojia. Mfalme anamwalika, anakataa. Nabii mmoja mzee wa Betheli anamfuata njiani, anamkuta chini ya mwaloni, anamwambia: mimi nami ni nabii kama wewe, na malaika amesema nami kwa neno la Bwana nikurudishe ule. Mwandishi anaongeza mara moja kwamba alimdanganya. Yule mtu anarudi, anakula, na akiwa njiani anauawa na simba.

Angalia mahali alipokosea. Hakukosa imani, maana alimkatalia hata mfalme. Alikosea kuliacha agizo alilolipokea yeye mwenyewe kwa ajili ya malaika aliyesimuliwa na mtu mwingine. Malaika yule hakuonekana, hakusikika, hakutoa ishara. Kilichokuwapo ni mzee mmoja mwenye heshima na sentensi moja. Ndivyo inavyokuwa hadi leo: anayekuambia malaika kasema, wewe humsikii malaika, unamsikia yeye.

Maandiko yenyewe yamejaa vipimo vya hali hii, navyo havifanani. Kumbukumbu la Torati 13 inasema hata ishara ikitimia, nabii akikuvuta kwa miungu mingine usimsikilize. Muujiza hautoshi kuwa ushahidi. Paulo, Wagalatia 1:8, anasema hata malaika wa mbinguni akihubiri injili tofauti, na alaaniwe. Ufunuo 22 una kipimo ninachokipenda kuliko vyote: Yohana anaanguka miguuni pa malaika amsujudie, naye anamzuia, akisema yeye ni mjoli wake tu, mtumwa mwenziwe. Anayepokea sujudu amejitambulisha. Katika Uislamu kipimo kimekazwa zaidi, kwa kuwa utume umefungwa kwa Muhammad: anayedai leo wahyi wa sheria mpya hapimwi kwa maneno yake, dai lenyewe limekataliwa.

Wenye hekima wao husimama mahali pengine. Hawatumwi, wanajua. Mamajusi wa Mathayo 2 ni mfano bora, na umeharibiwa na igizo la Krismasi. Mathayo hasemi walikuwa watatu; zawadi ndizo tatu, dhahabu, uvumba na manemane. Hasemi walikuwa wafalme. Hawakufika horini: aya ya 11 inasema waliingia nyumbani. Neno lenyewe, magoi, ni la makuhani wa Uajemi, watu wa elimu ya nyota, na ndio Majusi wanaotajwa katika Kurani 22:17. Neno hilo hilo la Kigiriki, Matendo 13:6, linamhusu Bar-Yesu, na hapo Biblia ya Kiswahili inamwita mchawi. Elimu moja, majina mawili, kulingana na inakompeleka mwenyewe.

Na elimu yao iliwafikisha wapi? Yerusalemu, mji usio wenyewe. Nyota iliwaambia mfalme amezaliwa, haikuwaambia wapi. Mahali palisemwa na makuhani na waandishi, kwa kusoma kitabu cha Mika: Bethlehemu, kilomita 8 hivi kusini. Waliojua kitabu hawakuondoka kwenda. Waliokwenda hawakukijua kitabu. Kisha mamajusi wanaonywa kwa ndoto wasirudi kwa Herode, na katika ndoto hiyo hatajwi malaika. Yusufu anatajiwa malaika katika ndoto tatu. Wao, ndoto tupu.

Kwa Waislamu mwenye hekima anayezua maswali mengi ni Khidhri, katika sura Al-Kahf, aya ya 60 hadi 82. Kurani haimtaji jina, inasema "mja katika waja wetu". Jina limo katika hadithi za Mtume. Anatoboa jahazi, anaua kijana, anasimamisha ukuta bila ujira, na Musa anapinga kila mara. Sikiliza vitenzi anapoeleza. Kwa jahazi: nilitaka kulitia ila. Kwa kijana: tukataka. Kwa ukuta na hazina ya mayatima: Mola wako alitaka. Ila anajitwika mwenyewe, heri anamrudishia Mola. Hiyo ni adabu. Kisha anasema hakufanya hayo kwa amri yake. Tarishi tena.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kama leseni: sheikh wangu ana elimu ya ndani, msimhoji. Jibu lilikwisha kutolewa na Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume. Najda, kiongozi wa Makhawariji, kundi lililojitenga na Waislamu wengine, alimwandikia kuuliza kama watoto wa adui wauawe. Akajibu, kama ilivyo katika mkusanyo wa hadithi wa Sahihi Muslim, kwamba Mtume hakuwaua watoto, basi nawe usiwaue, ila uwe unajua alichokijua Khidhri kwa yule kijana. Yaani hujui, na hutajua.

Marabi walikwenda mbali zaidi. Talmud, Bava Metzia 59b, inasimulia mabishano juu ya tanuri lililokatwa vipande na kutiwa mchanga kati yake: je, linaweza kupata najisi? Rabi Eliezeri alisema hapana, wenzake wote wakasema ndiyo. Akaita ushahidi. Mti ukasogea dhiraa 100, maji yakageuza mkondo, kuta za nyumba ya masomo zikainama, mwisho sauti ikatoka mbinguni kwamba sheria iko upande wake. Rabi Yoshua akasimama na kunukuu Kumbukumbu 30:12: haiko mbinguni. Torati imekwisha kutolewa, na wengi ndio wanaoamua. Siku hiyo waliviteketeza vitu vyote ambavyo Eliezeri alivihesabu kuwa safi, wakapiga kura kumtenga. Rabi Akiva akajitolea kumpelekea habari. Alivaa nguo nyeusi, akaketi mbali naye dhiraa nne, akamwambia: naona wenzako wanajitenga nawe. Eliezeri akararua mavazi yake, akavua viatu, akaketi chini, akalia.