Karani asisubirishwe mlangoni

Kila mwisho wa mwezi, makarani wanaonunua mwani Paje na vijiji vya jirani hubonyeza kitufe kimoja kwenye programu niliyowaandikia, ili kila mkulima ahesabiwe kilo zake na kupangiwa malipo. Wakulima walipokuwa wachache, hesabu ilikwisha kwa kupepesa jicho. Walipoongezeka ikafika dakika tatu, na simu yangu ikaanza kulia. "Kaka, ukurasa umeandika 502. Nimebonyeza mara tatu."

Mara tatu! Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu kitufe kile kinahusu fedha za watu.

Dawa ya haraka ni kuongeza muda ambao seva huusubiri kabla ya kutoa kosa, nami niliitumia. Nginx, inayokaa mbele ya programu na kupokea maombi ya watu, ikipita sekunde 60 haijasikia chochote kutoka nyuma, hukata tamaa na kurudisha kosa la 504. Gunicorn nayo, inayoiendesha programu yenyewe kwa michakato iitwayo wafanyakazi, usipoigusa humuua mfanyakazi aliyekaa kimya sekunde 30, na hapo Nginx hurudisha 502. Zote nikazipandisha hadi dakika tano. Makosa yakatoweka, lakini mfumo mzima ukaganda. Seva yangu ina kori mbili, yaani viini viwili vya kichakataji, na kwa kanuni ya Gunicorn, kori mara mbili ongeza moja, nilikuwa na wafanyakazi watano. Mfanyakazi wa aina ya kawaida hushika ombi moja tu kwa wakati. Makarani watano wakibonyeza pamoja, wa sita anayetaka kuandika gunia moja tu hana wa kumpokea. Na karani akichoka akafunga ukurasa, hesabu yake haikomi. Inaendelea kumtumikia mtu aliyekwisha ondoka.

Tazama anavyofanya mshonaji wa kofia za viua. Hakuweki barazani kwake wiki kadhaa mpaka amalize. Anapima kichwa, anaandika jina, mnaagana, nawe utapita kuuliza. HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, ina jibu la namna hiyo hiyo: 202, yaani ombi limepokelewa, kazi bado. Sasa seva inaandika kazi kwenye foleni ya Redis, hifadhi ya data ya haraka, inampa karani namba yake papo hapo, kisha mfanyakazi wa Celery, programu ya kufanya kazi za nyuma ya pazia, anayekaa pembeni anaichukua. Ukurasa unauliza hali kila baada ya sekunde tano.

Lakini foleni peke yake haizuii malipo kutoka mara mbili, na hili ndilo ninalowasisitizia vijana ninaowafundisha. Kidole cha karani si hatari pekee. Ukiiagiza Celery ithibitishe kazi baada ya kuimaliza, nawe unatumia Redis, kazi isiyothibitishwa ndani ya saa moja hupewa mfanyakazi mwengine, hata kama wa kwanza bado anaifanya. Kwa hiyo kazi yenyewe lazima ivumilie kurudiwa. Kwenye PostgreSQL, hifadhidata yetu, nimeweka sharti kwamba mkulima mmoja na mwezi mmoja hupata mstari mmoja tu wa malipo, na ninaandika kwa ON CONFLICT DO NOTHING, yaani mstari ukiwapo tayari usifanye kitu, amri iliyokuja na toleo la 9.5 mwaka 2016. Mfanyakazi wa pili akija, anakuta mstari upo, anaupita.

Hesabu bado inachukua dakika tatu, sijaipunguza hata sekunde. Karani hubonyeza, hupata namba yake, huweka simu mfukoni na kwenda kuswali Alasiri. Akirudi, orodha imeshafika.