Kuoteshwa: zawadi za ndotoni na yanayosemwa Mbeya

Shangazi yangu anauza mitumba soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mwaka jana, kwenye baridi ile ya Julai inayokulaza na soksi na koti, aliota mtu mwenye kanzu nyeupe akimkabidhi ufunguo. Alipoamka akapapasa chini ya mto, akakung'uta blanketi, akainama kuchungulia uvunguni, ndipo akacheka peke yake. Kufika saa nne asubuhi ndoto ilikuwa imeshamfikia nabii wa kikundi anachosali, kikundi kipya kinachokutana kwenye banda la mabati nje kidogo ya mji, na majibu yalikuwa yamesharudi kwa simu. Huo ni ufunguo wa biashara, akaambiwa, lakini zawadi ya ndotoni haishuki mwilini mpaka ifunguliwe kwa sadaka ya shilingi 70,000. Siku saba zikipita haijafunguliwa, anapewa mtu mwingine.

Shangazi akauza gunia la mahindi aliloletewa kutoka Mbozi.

Ndoto yake naiheshimu. Sikuwepo usingizini mwake. Ila tangu siku ile nimekuwa nikitega sikio kwenye bajaji, misibani na kwenye mikesha, na mengi ninayosikia kuhusu zawadi hizi hayana mbele wala nyuma. Nayaweka hapa kama yanavyosemwa.

"Mambo ya kuoteshwa yameletwa na hawa manabii wa juzi."

Neno lenyewe linakataa. Muulize mganga wa mitishamba, awe wa Ileje au wa Kilolo, nani alimfundisha mti fulani. Mara nyingi atakujibu, "Nilioteshwa." Hasemi aliota. Anasema alioteshwa, maana yake yupo aliyemwotesha. Kwa Wahehe ni masoka, kwa Wanyakyusa ni abasyuka: wafu wa ukoo wanaokuja usiku kudai, kuonya au kutoa. Wamisionari Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuta usingizi wa watu tayari una wageni wake. Hata salamu ya Wanyakyusa wa Tukuyu, "ugonile", ukiifuata neno kwa neno inamuuliza mtu habari za kulala.

Halafu kuna majirani. Ukivuka Tunduma ukaingia Zambia, ukashika barabara ya Lusaka, ukiipita Isoka unafika Chinsali. Huko, kijijini Kasomo, Septemba 1953, mwanamke wa Kibemba aitwaye Alice Mulenga Lubusha alisema amekufa akarudi, tena zaidi ya mara moja, na alikokwenda alikutana na Yesu, akaonyeshwa kitabu, akapewa na nyimbo. Alikwenda kuwasimulia wamisionari wa Kiskoti wa Lubwa. Wakamsikiliza, wakambatiza. Ndiye Lenshina, ambalo ni jina Regina likitamkwa kwa ulimi wa Kibemba, na kwake likazaliwa Kanisa la Lumpa lililokusanya waumini makumi kwa maelfu. Upande wa Malawi, mwishoni mwa miaka ya 1950, akavuma Chikanga wa Rumphi, ambaye naye alisimulia habari ya kufa na kurudi na kipawa cha kuwatambua wachawi. Wahehe walifunga safari kutoka Iringa kumfuata, enzi ambazo safari hiyo haikuwa ya kupanda basi asubuhi ukafika jioni.

Kwa hiyo nabii wa banda la mabati ni wa mwisho kwenye foleni ndefu sana.

"Zawadi ya ndotoni ni gari, nyumba na biashara."

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Ukiangalia vikundi vya dini vilivyozaliwa Afrika karne iliyopita, kitu kilichopokewa sana usingizini na kwenye maono ni wimbo. Lenshina alirudi na nyimbo, na nyimbo zake za Kibemba ziliwavuta watu kuliko mahubiri. Isaiah Shembe, aliyeanzisha Kanisa la Nazareti kule Afrika Kusini mwaka 1910, aliacha nyimbo za Kizulu ambazo wafuasi wake wanaamini alifunuliwa.

Lakini wanaonivutia zaidi ni Wakimbangu wa Kongo. Simon Kimbangu alihubiri na kuponya kijijini Nkamba kwa miezi michache tu ya mwaka 1921. Wabelgiji wakamkamata, akakaa gerezani miaka 30, akafia humohumo Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Oktoba 1951. Waumini wake wanaendelea kupokea nyimbo mpaka sasa. Mtu amelala, anasikia kwaya, anaamka akiuimba wimbo usije ukamponyoka. Sasa sikia sehemu niipendayo: wimbo huo hauendi moja kwa moja kwa wanakwaya. Kanisa lina idara yake ya nyimbo, na kazi yake ni kuzichunguza hizo zilizopokewa, upi uimbwe na upi uachwe. Hebu pata picha. Umetoka kupewa wimbo na malaika, umekuja mbio, na karani anakwambia keti hapo, tuukague kwanza.

Shangazi hakupata karani. Zawadi yake ilifasiriwa na mtu mmoja, ikapangiwa bei na mtu yuleyule, ikalipwa kwenye simu ya mtu yuleyule.

Na tazama walichopewa wenzetu hao wote. Ni kazi. Lenshina hakuoteshwa Prado. Aliporudi, alikaa Kasomo akipokea misururu ya watu waliokuja kusalimisha hirizi zao, na sidhani kama alilala tena usingizi mnono.

"Zawadi isipolipiwa inarudi."

Wanaosema hivi humtaja Mfalme Sulemani, aliyepewa hekima ndotoni kule Gibeoni. Sadaka, wanasema, ndiyo ilifungua. Nimekaa na sura ile, ya tatu ya 1 Wafalme, nikaisoma polepole. Ni kweli Sulemani alitoa sadaka kabla ya ndoto, nyingi tu. Ila ndani ya ndoto anaulizwa anataka nini, anajibu, anaambiwa amepewa. Hakuna bei wala siku saba. Alipoamka alikwenda Yerusalemu, akatoa sadaka za kuteketezwa na za amani, kisha akawafanyia karamu watumishi wake wote. Aliyepewa zawadi ndiye aliyelisha watu. Kwa shangazi ilikuwa kinyume: aliyepewa zawadi ndiye aliyelala bila unga.

Wengine watakukumbusha Loliondo. Mwaka 2011 watu walitoka kila kona ya nchi kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa KKKT, aliyesema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa mugariga na jinsi ya kuuchemsha. Kikombe cha dawa hiyo kilikuwa shilingi 500, na bei hiyo nayo alisema alipewa na Mungu. Kilichowamaliza watu ni nauli. Uponyaji wenyewe haukuthibitika, na wapo waliofia kwenye foleni ile ya magari. Lakini hata Babu, kama watu walivyomwita mchungaji huyo, hakuongeza bei pale foleni ilipokuwa ya kilomita na kilomita. Waliofanya hesabu nyingine ni baadhi ya walioiga, kwa maana baada yake vikombe viliota kama uyoga, Mbeya ikiwemo.

Pembeni kidogo: aliyeoteshwa dawa na akataka kuwatibu watu kwa kazi, sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 inamtaka ajisajili. Ndoto haijawahi kuwa leseni. Vikundi vya dini navyo husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na ni haki yako kuuliza cheti kiko wapi kabla hujatoa bahasha.

"Ukiona ndoto wazi kama mchana, umeteuliwa."

Septemba 1953, mwezi uleule Lenshina alipokuwa akisimulia safari yake Chinsali, watafiti wawili wa Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walichapisha jambo walilogundua kwa waliolala: kuna vipindi ambapo macho yanachezacheza kwa kasi chini ya kope, na ukimwamsha mtu hapo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Vipindi hivyo huja mara kadhaa kila usiku, kwako, kwa nabii na kwa mlinzi anayesinzia getini, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo maana ndoto za karibu na jogoo ndizo unazozikumbuka. Mtu aliyekesha siku tatu akifunga na kuomba, siku akilala ubongo hulipa deni: kwanza usingizi mzito, kisha vipindi hivyo huja kwa wingi na kwa nguvu. Homa kali nayo huleta ndoto za ajabu.

Dawa pia. Kwa miaka mingi vidonge vya ARV, dawa za kufubaza VVU, vilivyotumika nchini vilikuwa na kiambato kiitwacho efavirenzi, vikinywewa wakati wa kulala, na moja ya maudhi yake yanayojulikana sana ni ndoto kali, zenye rangi na sauti. Ukanda wetu ulikuwa na watumiaji wengi. Siwezi kusema ni maono mangapi ya mikesha yetu yalipitia kwenye kidonge hicho, ila swali hilo sijawahi kusikia likiulizwa kwenye mkesha wowote.

Je, hii inathibitisha kwamba ndoto haitoki kwa Mungu? Hapana. Vipimo vinaonyesha usingizi unavyokwenda. Aliyetuma havimwoni, na wala havijawahi kudai kwamba vinamtafuta. Vinachokanusha ni kimoja: kwamba uwazi wa ndoto pekee ni cheti.

"Ukila ndotoni, umelishwa na wachawi."

Huenda umelala na njaa tu. Na kile kinachokukaba usiku, macho yako wazi na mwili haunyanyuki, ni jinamizi: akili imeamka kabla mwili haujafunguliwa. Hupita ndani ya dakika chache. Kama linakurudia kila wiki, rekebisha saa za kulala, usilale chali, na ukiona halikomi muone daktari.

"Nimekabidhiwa uponyaji ndotoni, dawa naacha."

Hili silifanyii mzaha. Utafiti wa taifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Maana yake, katika banda la mkesha huku kwetu inaelekea wamo watu wanaotumia dawa. Mmoja akiota amepewa glasi ya maji meupe na kuambiwa "umepona", akashuhudia asubuhi, watu wakapiga vigelegele, itamwia vigumu sana kurudi kliniki kuchukua vidonge. Atajihisi amewasaliti wote waliomshangilia.

Kinachotokea mwilini hakisubiri ushuhuda. Dawa huwazuia virusi wasizaliane, ila wapo wanaojificha ndani ya seli wakiwa wamelala. Ukiacha kumeza, kwa watu wengi huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache, na wewe bado unajisikia mzima kabisa. Huo uzima wa miezi ya mwanzo ndio unaowadanganya wengi. Na kipimo cha haraka kinachosoma "hasi" kwa mtu aliyekwisha kutumia dawa muda mrefu kinaweza kupotosha pia. Wahudumu wa CTC, kliniki za VVU, wanalijua hilo, wapiga vigelegele hawalijui.

Anayeamini ameponywa na aamini, huku akimeza dawa na kupima wingi wa virusi kama kawaida. Nimemsikia mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maono hasa, akimwambia kijana: "Mwanangu, kama ni Mungu, kidonge hakitamzuia."

"Vikundi vya ndoto huishia kwenye damu."

Wanaosema hivi husema "si unaona Lumpa". Mwaka 1964 waumini wa Lenshina walipambana na askari wa serikali ya Kaunda, watu zaidi ya 700 wakafa, na kanisa likapigwa marufuku mwezi Agosti. Lakini chanzo hakikuwa kitabu cha ndotoni. Waumini walikuwa wamekataa siasa na kadi za UNIP, chama cha Kaunda, wakajitenga kwenye vijiji vyao wenyewe. Chama kilitaka kila mtu awe wake kuelekea uhuru, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshachomeana nyumba. Lenshina alijisalimisha mwezi huohuo, akaishi chini ya ulinzi kwa miaka, akafariki Lusaka mwaka 1978. Wengi wa watu wake walikimbilia Kongo, na nyimbo zao wakaenda nazo.

Juzi nimepita Mwanjelwa. Shangazi alikuwa anafungua belo, magoti yote mawili juu yake, kisu mdomoni. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa, akakata kamba, kisha akaniambia ameota tena. Safari hii amepewa ndoo.

"Ndoo ya nini, shangazi?"

"Ndoo tu. Nyeupe, haina mfuniko."

"Umempelekea nabii?"

Akachambua shati la kwanza, akalinyoosha kwenye mwanga kutafuta tundu, akalitupa kwenye fungu la elfu mbili.

"Nimekwambia wewe," akasema. "Shika huku tuivute."